Umepangiwa CTC? Namna ya kupigana na unyanyapaa wa VVU na moyo wako usichoke

Wadogo zangu manesi, matabibu, wafamasia na nyie wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kila wanapokuja wapya kituoni kwetu huku Njombe swali lao ni lile lile, dada hii kazi ya CTC, yani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, unaiwezaje miaka yote hii, haikuumizi? Pale kazini huwa hatupati muda wa kuongea vizuri, foleni ndefu na mafaili yanasubiri, kwahiyo naandika hapa kila kitu ninachowaambiaga kwa vipande vipande.

Huku kwetu VVU sio kitu cha kusikia kwenye semina. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima nchi nzima ni asilimia 4.4, mkoa wa Njombe ni 12.7. Maana yake kila ukoo una mtu wake. Ila kwenye utafiti huo huo kuna namba nyingine ambayo mimi ndo inanitoa kitandani asubuhi na baridi letu hili: wenye VVU wanaojua hali zao ni asilimia 82.7, lakini ukichukua hao wanaojua, 97.9 wako kwenye dawa, na walioko kwenye dawa 94.3 wamefubaza virusi, yani dawa imevishusha virusi mwilini. Yani mtu akishajua na akishaingia ndani, wengi mno wanafanya vizuri. Tunaowapoteza tunawapoteza kabla ya mlango. Na kinachowazuia pale mlangoni mara nyingi sio umbali wala nauli, ni kuogopa kuonekana, kusemwa, kuachwa. Kwahiyo ukiniuliza kazi yetu hasa ni nini nitakuambia ni kuupunguza huo woga, dawa zenyewe zinafanya kazi yake vizuri tu.

ANZA NA SABABU YAKO

Mimi sababu yangu ni mama yangu mdogo. Alirudi nyumbani akiwa amekonda miaka ya tisini mwishoni, akapewa chumba cha uani, na akapewa kikombe chake cha bati cha bluu, kimebanduka rangi pale kwenye mdomo, mtu mwingine haruhusiwi kukigusa. Chai ikimiminwa kile kinawekwa mbali na vingine. Hakuna aliyemtukana hata siku moja, ni kile kikombe tu. Baadae kikohozi kilivyozidi akakataa kwenda hospitali kupima kifua kikuu, alisema nikienda huko wataongezea la kusema. Alifariki 2003. ARV za bure za serikali zilianza 2004. Naomba muelewe kwanini mtu akisema unyanyapaa ni mambo ya zamani hayo mimi siwezi kunyamaza.

Ya kwako sio lazima iwe na msiba. Nina mwenzangu yeye sababu yake ni watoto, anasema hataki mtoto azaliwe na VVU kwenye zamu yake, basi, na hiyo inatosha kabisa. Ila usiwe na sababu ya posho peke yake. Sisemi pesa mbaya, watu tuna ada za kulipa, lakini Januari 2025 msaada wa Marekani uliposimamishwa ghafla tuliona washauri rika na waingiza takwimu waliokuwa wanalipwa na miradi wanaambiwa wakae nyumbani, na foleni ya wateja asubuhi ilikuwa pale pale. Waliobaki wakabeba. Siku kama ile posho haipo, na kama ndo ilikuwa sababu yako yote huna cha kukushika. Kaa chini uiseme sababu yako kwa maneno yako mwenyewe, mwambie hata mtu mmoja unayemuamini.

ONDOA WOGA WAKO WEWE KWANZA

Hapa wengi mnaruka. Mtoa huduma anayeogopa VVU mteja anamuona tu, hata kama hajasema neno. Anaona unavyovaa glovu mbili kumpima presha. Anaona unavyomsukumia kalamu kwa ncha ya vidole.

Kwahiyo soma mpaka uamini. Ukijichoma sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni kama 3 kati ya 1000, na hiyo ni kabla hujameza kinga. Ukianza PEP, yani hizo dawa za kinga, ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndo bora, ukameza siku 28 zote, unashuka zaidi. Kushikana mikono, kula sahani moja, kutumia choo kimoja, kulala kitanda kimoja, hakuna kitu. Glovu vaa kwa kila mtu pale panapohusu damu na majimaji ya mwili, kwa kila mtu, maana kumbuka wale zaidi ya 17 kati ya 100 wenye VVU ambao hawajui. Ukimvalia glovu yule tu mwenye kadi ya CTC utakuwa umemdhalilisha na hujajikinga.

Alafu kuna hili la kufubaza virusi. Bado nakutana na watoa huduma wanaolisema kwa kigugumizi kana kwamba watapewa kesi. Mtu anayemeza dawa vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo hamuambukizi mwenza wake kwa njia ya ngono. Utafiti wa PARTNER uliofanyika Ulaya na kutoka 2016 ulifuatilia wapenzi ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, walikutana kimwili bila kondomu mara kama 58,000, na hakuna hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenza aliyefubaza virusi. Hata moja. Ukilijua hili na ukalisema kwa uso mkavu usio na wasiwasi, utaona mtu anavyoshusha mabega. Nimemuona baba wa miaka hamsini na kitu, mchana kweupe, ameshika kofia yake mkononi anaizungusha zungusha, ananiuliza mara mbili, kwahiyo mke wangu simdhuru? Simdhuru kweli? Nikamwambia baba, ukimeza kila siku na kipimo kikionyesha vimefubaa, humdhuru. Alikaa kimya muda mrefu alafu akaniuliza dawa zinamezwa saa ngapi.

SIKU YA MAJIBU

Hapa ndo ukae sana, maana mtu anaweza kusahau kila kitu ulichomfundisha miaka kumi lakini hiyo siku haisahau.

Kwanza chumba. Mlango ufungwe kweli, sio unasukumwa sukumwa na kila anayetafuta faili. Simu yako iwe kimya na iwe chini. Kiti chako na cha kwake viwe sawa, usikae nyuma ya meza kama hakimu. Salamu yenye heshima, mzee anapewa shikamoo yake kama angepewa barabarani, na huku kwetu ukianza na kamwene mtu anajisikia yuko nyumbani. Hakikisha majibu ni yake na vipimo vyote vya kuthibitisha vimefanyika kama mwongozo unavyotaka, usimpe mtu jibu la nusu.

Alafu sema. Usizunguke. Mtu ukimzungusha dakika kumi anakuwa ameshajijibu mwenyewe na amekufa mara tatu. Mimi nasema hivi, "Mama, majibu yako yametoka, kipimo kinaonyesha una maambukizi ya VVU." Nanyamaza. Hiyo kunyamaza ndo ngumu kuliko yote, mkono unataka kuchukua kipeperushi, mdomo unataka kuanza kueleza CD4, zile chembe za kinga ya mwili, acha. Mtu alie, mtu acheke, mtu aangalie ukutani, wewe kaa. Tishu iwe karibu ila usimsukumie usoni, maana inakuwa kama unamwambia nyamaza.

Akianza kuongea ataongea swali lake, na swali lake ndo mahali pa kuanzia. Wengi ni nitakufa lini. Jibu ukweli, kwamba dawa ipo, ni kidonge kimoja kwa siku, ni bure, na mtu anayeanza mapema na kumeza vizuri anaishi kulea watoto na wajukuu. Wengine ni nani kaniletea. Hapo usiingie kwenye uchunguzi, huwezi kujua na kipimo hakisemi nani alianza wala lini. Mwambie hivyo hivyo, na mwambie atakayekuja kupima wa kwanza mara nyingi ndo anabebeshwa lawama wakati yeye ndo ameokoa nyumba.

Kabla hajatoka muulize swali hili, ukitoka hapa leo unaenda wapi? Ni swali dogo lakini linakuambia kila kitu. Atakayekuambia naenda kwa dada yangu mwache aende. Atakayekuambia sijui, au akakuangalia tu, usimwachie, mkalishe, muulize wazi kama anawaza kujidhuru, kuuliza hakumpandikizii wazo. Na kama ni mke au binti anayeogopa kumwambia mwenza wake, usimkimbize kwenda kusema usiku huo huo. Muulize mwanaume wako akikasirika huwa anafanyaje. Kama kuna kipigo, mpange taratibu, mnaweza mkamuita mwenza aje wapime wote wawili kana kwamba ndo mara ya kwanza, au ndugu anayeheshimika asimamie.

Dawa aanze siku ile ile kama yuko tayari na umeshamchunguza dalili za kifua kikuu na kichwa kinachouma sana na shingo kukakamaa. Kama hajawa tayari, mpe siku, mpe namba ya simu, na mkutanishe na MVIU mshauri, yani mtu anayeishi na VVU anayeshauri wenzake. Sisi tunaeleza vizuri lakini dada mmoja aliyemeza dawa tangu 2008, mnene, anauza viazi, ana nyumba yake, akikaa pale akasema mimi pia nilikaa kwenye kiti hicho hicho, anafanya kazi ambayo digrii haifanyi. Kama hamna mshauri kituoni ulizeni Konga ya wilaya yenu, yani umoja wa watu wanaoishi na VVU, wale watu wapo na wanajua kazi.

SIRI

Siri haivujishwi na mtu mbaya tu, inavuja kwa mazoea. Kumuita mtu kwa sauti koridoni, wewe wa CTC njoo. Faili la rangi yake peke yake linalobebwa kupita benchi la wagonjwa wa nje. Gari lenye maandishi ya mradi wa UKIMWI linapaki nje ya nyumba ya mtu, na mhudumu anashuka na kizibao chenye utepe mwekundu, sasa jirani atakosaje kujua. Ukienda kumfuatilia mtu nyumbani nenda umevaa kawaida, nenda kama mgeni, na kama hayupo usiache ujumbe kwa mtoto wala shemeji. Ukipiga simu, thibitisha kwanza ni nani anaongea, na mkubaliane tangu siku ya kwanza utajitambulishaje.

Picha za kadi za wateja kwenye magrupu ya WhatsApp ya kazini, hapana, hata kama ni kuuliza dozi. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya majibu na inakataza unyanyapaa, na mtoa huduma yuko ndani ya sheria hiyo kama mtu mwingine yeyote.

Na sokoni je, ukikutana naye? Usimkimbilie kumsalimia, usimkwepe pia. Mwache aanze yeye. Wengine watakupita kana kwamba hawajawahi kukuona na ni sawa kabisa. Kuna watu wanapanda gari toka wilaya nyingine waje wachukue dawa kwetu ili wasionekane kwao, na nimesikia watoa huduma wanawagombeza, kwanini huchukui dawa kwenu. Mwache. Mpe za miezi mingi kama amefubaza na anastahili ili asisafiri kila mara.

CHUPA INAYOLIA

Nenda mbali zaidi ya kusema meza dawa kwa wakati. Uliza anaziweka wapi. Utashangaa. Chupa ya dawa inalia mtu anapotembea, chakacha chakacha, na kwenye daladala iliyojaa anaona kila mtu anageuka kumwangalia. Kwahiyo watu wanazimwaga kwenye mfuko wa nailoni, wanabandua karatasi, wanaficha juu ya dari kwenye joto au kwenye unga. Dawa zinaingia unyevu zinaharibika. Mfundishe kuweka pamba safi ndani ya chupa ile ile, isilie, na ibaki imefungwa vizuri. Akitaka kubandua karatasi abandue, ila ajue dawa ipi ni ipi na inaisha muda wake lini. Mtoto wa bweni ongea nae peke yake kuhusu saa ya kumeza ambayo wenzake hawapo. Kitu kidogo hiki nimekiona kinarudisha watu kwenye dawa kuliko mahubiri.

Aliyeacha dawa akirudi, sentensi yako ya kwanza ndo itaamua kama atarudi tena. Ulikuwa wapi miezi yote hiyo, hiyo inamfukuza. Sema nimefurahi umekuja. Alafu baadae, taratibu, uulize kilichotokea. Utakuta ni mume alikuta chupa, ni msimu wa vibarua shambani, ni msiba, ni maombi.

Kuhusu maombi niseme kidogo. Mwaka 2011 nchi nzima ilikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu Mwasapile kwa shilingi 500, na wako walioacha ARV kwa imani kuwa wamepona. Wengine hawakurudi. Lakini ukisimama kushindana na imani ya mtu utashindwa wewe. Mimi namwambia omba mama, omba sana, na dawa umeze, na tupime wingi wa virusi. Mchungaji au shehe mmoja anayesema madhabahuni au msikitini endeleeni na dawa zenu ana nguvu kuliko mabango yote, kwahiyo mtafute, mpe elimu kwa heshima, mwite siku ya kliniki ajionee.

WATOTO NDO MAFUTA YA HII KAZI

Siku ukichoka sana omba zamu kliniki ya mama na mtoto. Bila huduma yoyote, kina mama 100 wenye VVU wanaweza kuambukiza watoto kati ya 15 na 45 wakati wa mimba, kujifungua na kunyonyesha. Mama akiwa kwenye dawa na amefubaza, mtoto akapewa nevirapine ya maji, inashuka chini ya 5. Mama anyonyeshe maziwa yake tu miezi 6, asitishwe na majirani wanaomuuliza mbona na yeye ananyonyesha. Mtoto anatolewa tone la damu kisiginoni akiwa na wiki 6 hivi, na tunamfuatilia mpaka kipimo cha mwisho cha miezi 18. Ile siku ya miezi 18 mtoto anakimbia kimbia chumbani anavuta stetoskopu, unamwambia mama mwanao hana VVU, sina cha kuongeza hapo, nendeni mkaone wenyewe.

Wababa ndo kazi. Hawaji, na wakija wanakuja na mgonjwa wa kubebwa. Tusiwaite wakorofi tu, kliniki inafunguliwa saa ambazo wako kwenye mbao na mashambani. Jaribuni jioni au Jumamosi hata mara moja kwa mwezi, na kipimo cha kujipima mwenyewe kwa majimaji ya kinywani mpeni mama ampelekee kama ni salama kwake. Tangu sheria irekebishwe 2019 kujipima kunaruhusiwa, na kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila kusubiri ridhaa ya mzazi. Ila wakumbusheni, hicho cha kujipima kikisema unao lazima aje athibitishwe kituoni.

MWENZAKO AKINYANYAPAA

Utamsikia. Wodini, kwenye kabati la chai, yule wa kitanda cha sita amekanyaga waya, yani ana VVU. Usicheke ili kuendana nao, na usimuumbue mbele za watu maana atajitetea. Mvute pembeni, sema kaka, au sema dada, yule akisikia atatoroka na tutampata akiwa kwenye hali mbaya. Aliye mkuu wako kazini mwendee kwa heshima yake, lakini mwendee. Wengine ni woga tu, hawajaelezwa habari za PEP, hawajui dawa zinakaa wapi usiku. Andikeni ukutani chumba cha sindano PEP iko wapi na nani ana funguo, woga unapungua sana.

NA WEWE MWENYEWE

Usibebe kila mtu kwenda nae nyumbani. Mkikutana wenzako wa CTC mwisho wa wiki ongeeni waliokuwa wagumu, bila majina nje ya chumba, na ongeeni pia waliofubaza. Usianze kutoa nauli yako kwa kila mteja, utaishiwa na utaanza kuwakwepa, peleka shida hiyo kwa ustawi wa jamii na vikundi vya kuweka na kukopa. Likizo yako ichukue.

Na pima. Wako watoa huduma wengi wanaowapima wengine kila siku na wao hawajapima muda mrefu, wanaogopa mwenzao wa maabara atajua. Kama unaogopa kupima kituoni kwako, basi umeshaelewa vizuri mteja wako anajisikiaje. Chukua kipimo cha kujipima, au panda gari nenda kituo ambacho hawakujui, nenda tu hata wiki hii. Ukikutwa nao dawa ni zile zile unazogawa, kidonge kimoja kwa siku, na kazi unaendelea nayo.